Chuma Hutazama Kisigino

Watu hutazama chuma, chuma hutazama kisigino. Jana mlimsikia kocha akimwambia hivyo yule binti aliyekuja na raba mpya za kukimbilia, na leo mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Mnauliza kama wageni. Methali hii haikuletwa na upepo. Ilizaliwa humu humu, mbele ya watu zaidi ya sitini, na wengi wao ni baba zenu na mama zenu. Na wewe unayesoma, usijitoe. Umewahi kumwona mwenzako akiyumba chini ya mzigo, ukageuza uso, ukajifanya una shughuli nyingine. Kaa usikilize. Ilianza hivi.

Kabla shamba la mkonge halijauzwa mara ya pili, wahamali wa ghala walikuwa na jimu yao katika banda lililokuwa la injini. Vyuma vyao havikununuliwa dukani. Yalikuwa magurudumu ya toroli zilizobeba mkonge kutoka shambani hadi kiwandani, yamechomekwa kwenye nondo nene. Babu zao walizeeka wakiyasukuma magurudumu hayo. Wajukuu wakaamua kuyanyanyua. Kila jioni baada ya kazi walichuchumaa na chuma mabegani kisha wakasimama, au wakakiinua kutoka sakafuni hadi mapajani. Walifanya hivyo peku, au kwa raba za kitambaa zenye soli bapa, zile za watoto wa shule, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Hakuna aliyejua kwamba umaskini, kwa jambo hilo moja, ulikuwa umewapa kiatu sahihi.

Mwantumu Kilua alikuwa mmoja wao. Mchana alichambua singa, yaani nyuzi za mkonge, ghalani, jioni alinyanyua chuma, na alikuwa na miaka arobaini na mgongo ulionyooka kama mlingoti. Sakafu ya banda ilikuwa imeinama kidogo, na gurudumu ni gurudumu, halikai. Ilibidi mtu achuchumae kando ya mnyanyuaji, atie kabari za mbao ili chuma kisitembee. Wanaume waliona kazi hiyo ni ya kudhalilisha. Mwantumu aliifanya bila neno. Ndiyo maana, wakati wengine wote wanakodolea macho magurudumu na mishipa ya shingo, macho yake yeye yalikuwa shibiri moja kutoka kwenye visigino vya watu.

Mwaka ule akaja meneja mpya, Bwana Rwiza. Akaandaa mashindano, akaalika wageni na wapiga picha, akaleta maboksi ya raba nyeupe, jozi moja kwa kila mnyanyuaji. Soli zake zilikuwa nene kama mkate wa boflo. Ukikanyaga zinabonyea, ukiinua mguu zinarudi. Zilikuwa raba za kukimbilia, na kwa kukimbia hazikuwa na ubaya wowote. Lakini zilikuja na amri: ni marufuku mtu kuingia jimu peku au na viatu vya shule, kwa sababu picha za miguu yenye magaga zingelitia shamba aibu. Watu walipiga makofi. Kumbukeni hilo, walipiga makofi.

Aliyetegemewa siku hiyo ni Mhina, mume wa mdogo wake Mwantumu. Hakuna mhamali aliyebeba marobota ya mkonge kama yeye, na watoto wake watatu walikula kwa mgongo ule. Wiki nzima alifanya mazoezi na raba nyeupe. Jioni ya tatu Mwantumu, akiwa chini na kabari zake, aliona kisigino cha kulia cha shemeji yake kikizama kwenye sponji na kulalia ndani, na goti likikifuata. Aliona wazi. Moyo ukamwambia sema. Lakini angesema nini, mwanamke mchomeka kabari, juu ya zawadi iliyopigiwa makofi? Akakigeuza alichokiona kuwa utani.

"Shemeji," akamwambia, "hizo raba zinakubeba au zinakutongoza?"

"Wivu tu, shemeji. Zako zimekubana."

Banda zima likacheka, na Mwantumu akacheka nao.

Siku ya mashindano Mhina aliinua mara mbili, na mara mbili watu walishangilia. Mara ya tatu waliongeza magurudumu mawili. Chuma kilipofika magotini, kisigino cha kulia kikalala, goti likaingia ndani, mwili ukapinda kukimbilia kushoto, na kitu mgongoni kikalia. Watu walisikia. Mhina hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kupumzika, kisha akashindwa kuinuka.

Basi ndimi zikafunguka. Mmoja akasema Mhina alikuwa na tamaa, mwingine akasema hakula, wa tatu akasema ni jicho. Bwana Rwiza akaandika barua kwamba mhamali huyo aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, kwa hiyo mwisho wa mwezi ataondolewa kazini. Mwantumu alipokwenda kumtazama alimkuta amelala kifudifudi mkekani, na kilichomkata maini hakikuwa maumivu yake, bali maneno yake. Alisema miguu yake imeisha, kwamba wiki nzima aliihisi ikitetemeka akaona aibu kumwambia mtu. Yaani mgonjwa naye alikuwa ameiamini ile barua.

Siku ya kuthibitisha barua, wafanyakazi wote waliitwa bandani. Mhina aliletwa, akalazwa kwenye benchi. Barua ikasomwa, meneja akauliza kama kuna mwenye neno. Watu wakatazama kuta na paa. Mwantumu akainuka, akaenda mbele na raba moja nyeupe mkononi.

"Bwana meneja, mimi si msemaji. Naomba vijana wanne waniinulie upande mmoja wa chuma hiki."

Wakainua. Akaiweka raba sakafuni chini ya gurudumu, akawaambia washushe polepole. Sponji ikabonyea, ikakimbilia upande mmoja, na chuma kikainama kama mlevi anayetafuta ukuta. Akaomba wainue tena. Akaitoa raba, akaweka kiatu cha shule cha mwanawe, soli bapa na ngumu. Chuma kikakaa, kikatulia.

"Hiki hakina tamaa," akasema. "Wala hakijalala na njaa. Mbona kimeyumba?"

Bwana Rwiza akasema yeye alitoa zawadi kwa nia njema, na zawadi haihukumiwi.

"Zawadi tuliipokea, baba. Tunachokikataa ni ile amri. Nani kati yenu alihisi mguu ukiyumba ndani ya raba hizi? Ainue mkono. Mimi wa kwanza. Na mimi nina kosa kubwa kuliko yenu, maana nilikiona kisigino cha shemeji kinalala, nikatania. Nyie wote mlikuwa mnatazama chuma. Chuma chenyewe kilikuwa kinatazama kisigino."

Mkono mmoja ukainuka, wa mzee wa mizani, yule aliyepima marobota. Ukafuata mwingine. Ilipohesabiwa ilikuwa mikono thelathini na minne. Watu thelathini na wanne walikuwa wamehisi jambo lile lile, na kila mmoja, peke yake, alidhani ubovu uko kwenye miguu yake. Hivyo ndivyo watu wanavyovunjwa, vijana. Huambiwi nyamaza, unaachwa uamini kwamba ni wewe tu.

Barua ilifutwa siku ile ile, kwa kuwa hakuna mhamali aliyekubali kugusa robota hadi ifutwe. Mhina alihamishiwa mizani. Mgongo wake haukurudi ulivyokuwa. Msidanganywe kwamba ukweli ukichelewa unaponya kila kitu. Na jimu ikawa na desturi yake: anayeinua kutoka chini avae soli nyembamba au awe peku, anayechuchumaa na kifundo chake cha mguu hakikunjiki vizuri, apate kiatu chenye kisigino kigumu cha mbao, si cha sponji. Na kabla ya kila mnyanyuo, mtu mmoja huchuchumaa kutazama miguu. Siku hizi watu hugombea kazi hiyo.

Watu hutazama chuma, chuma hutazama kisigino. Sasa mmejua ilikotoka, na aliyejua akanyamaza hana tofauti na aliyepiga makofi. Basi inuka hapo ulipo. Sasa hivi kuna mwenzako anainama kuushika mzigo akiwa na kiatu alichopewa na mtu asiyebeba. Nenda, chuchumaa, tazama kisigino chake. Kikilala, sema, na useme kwa sauti, kabla hajainua.