Matawi Yaliyovuka Ukuta

Siti Kibarango, mshona nguo, aliweka akiba miaka miwili hadi akanunua paneli ya sola. Fundi alipopanda juu ya bati alitikisa kichwa: matawi ya mwarobaini wa jirani, tajiri Mkomwa, yalitia kivuli paa zima.

"Nitayakata," alisema Mkomwa, "ukinipa bei ya paneli ya pili."

"Ngoja nijipange, mzee."

Kesho yake Mkomwa aliona akina mama sita wakitoka kwa Siti na vikapu vya majani ya mwarobaini.

"Wanayapeleka wapi?"

"Kuna mtu mjini anatengeneza sabuni, ananunua kwa kilo. Nachuma yaliyovuka ukuta tu. Nakuomba usinikatie riziki, mzee."

"Riziki yako, mti wangu?"

Kabla ya adhuhuri alileta msumeno, akakata kila tawi lililovuka ukuta, akakokota yote kwake hadi jani la mwisho.

Fundi alifunga paneli jua likiwa utosini.

"Huyo wa sabuni anakaa wapi?" aliuliza. "Mzee Mkomwa anamtafuta."

"Simjui," alisema Siti, "ila mbuzi wa wale akina mama wameshiba."