Ubao Uliolala Siku Tatu kwa Mwanamvua

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, zamani ya juzijuzi tu, Mwanamvua, mjukuu wa dada yangu, alikwenda Ujapani kuhudumia wazee. Mjini hakuwekwa. Aliwekwa milimani huko, kwenye mashamba ya mpunga, kichochoro cha nyumba chache, mgeni ni yeye peke yake.

Kichochoro kile kina desturi. Likitokea jambo, huandikwa karatasi ikabanwa kwenye ubao mdogo, na ubao ukatembea nyumba kwa nyumba. Ukifika kwako unasoma, unapiga muhuri wako, unampelekea jirani mkononi siku hiyohiyo. Mwanamvua alichongewa muhuri, akafurahi huyo! Kusoma maandishi yao hakujua, lakini muhuri alipiga, ubao akaupeleka.

Siku moja akampelekea Bwana Tokuji, jirani wa mbele. Tokuji akamwuliza, "Nawe utakuja?" Mwanamvua akacheka, "Ndiyo, ndiyo!" Kumbe ni kuzibua mitaro alfajiri. Watu wakaenda na majembe, yeye amelala, wakamcheka. Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja. Mie sijui A wala B, aibu hiyo naijua ladha yake.

Ubao uliofuata, Mama Sugie, jirani wa nyuma, aliuacha mlangoni, na biringanya tatu juu yake. Hodi hakupiga. Mwanamvua akala biringanya, ubao akauweka dirishani. "Siupeleki mpaka nijue umeandikwa nini. Sichekwi tena." Na kuuliza akaona haya. Ikapita siku ya kwanza. Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu.

Ya nne akajikaza, akamwonyesha mwenzake wa kazini. Mwenzake akasoma. "Mwanamvua, huu ni msiba. Bibi Ume wa ng'ambo ya mto. Wamemchoma jana." Wenzetu huchoma maiti wao, ndiyo mila yao.

Mwanamvua mbio kwa Tokuji. Tokuji akapiga muhuri bila kusoma, uso chini. Wakaenda wote nyumba ya mwisho, kwa Bibi Kiyono. Kiyono masikio yamechoka, simu haimfai, habari zote humfikia kwa ubao. Na Ume ni shoga yake tangu utotoni.

Kiyono akasoma. Akapiga muhuri wake taratibu. Akaingia ndani, akatoka na soksi nyeupe. "Nilimfumia Ume. Tuliahidiana, atakayetangulia, mwenzake atamvika miguu. Safari ile ni ndefu."

Miguu imeshakuwa majivu.

Mama Sugie naye akaja. Wakapiga magoti watatu. Na kwa kuwa bibi hasikii, ikabidi kila mmoja aseme kosa lake kwa kupaza sauti, kichochoro kizima kikasikia.

"Bibi yangu, ni mimi!" akalia Mwanamvua. "Nilijua ubao haulali. Nikaulaza, nisichekwe."

"Mgeni hana kosa," akasema Sugie. "Nilijua hajui kusoma. Nilijua ni msiba. Nikaona nikimwambia nitamtahayarisha. Nikaacha biringanya, nikaondoka kimyakimya kama mwizi."

Tokuji akafuata. "Mimi… habari niliisikia dukani. Kila asubuhi nikipita na mbwa wangu nauona ubao dirishani kwake. Nikasema, kumdai mgeni ni utovu wa adabu. Mazikoni nilikwenda, Bibi. Mahali pako niliona patupu. Nikakaa pembeni pake."

Kiyono akawatazama, mmoja mmoja. Hakugomba. Afadhali angegomba!

"Mie kwa Ume sina uso wa kwenda," akasema. "Mmoja wenu azichukue hizi. Apige magoti mbele ya picha yake, amwambie, 'Kiyono hakuja kwa sababu yangu.' Mmoja tu. Mkienda watatu mtagawana aibu, itakuwa nyepesi."

Akaziweka soksi kizingitini, akafunga mlango.

Wakabaki pale, macho kwenye soksi.

Haya, nyie mlioko hapa, na wewe uliyekuwa unacheka: ni nani kati ya hao watatu aliyestahili kuziokota zile soksi?