Kebo Mbili za Chapuchapu

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kwenda kote kwa pamoja, akapasuka msamba. Ndivyo ayakosavyo yote mawili mtu mwenye tamaa. Fundi mmoja wa mitandao, aliyebandikwa jina la Chapuchapu, aliijua methali hii tangu shuleni. Lakini kujua si kufuata, jamani!

Asubuhi hiyo mkewe alikuwa akisogeza beseni chini ya paa lililovuja.

"Hospitali wamesema kazi ya leo ikienda vizuri, wananiajiri," Chapuchapu alimwambia huku akivaa viatu. "Tutahama hapa, mke wangu."

"Basi tulia hukohuko mpaka uimalize. Nakujua mimi! Una miguu miwili, lakini unakimbia kama una minne."

Chapuchapu alicheka, ila roho haikutulia. Hakumwambia kwamba siku hiyohiyo alikuwa amekiahidi kazi chuo kimoja kilichokuwa ng'ambo ya mji.

Kazi ya hospitali ilikuwa kuunganisha seva mpya, yaani kompyuta kuu, na hifadhi iliyotunza picha zote za eksirei. Kila seva ilitakiwa kuwa na kebo mbili, kila kebo ipite kwenye swichi yake, yaani kisanduku cha kupitishia data, ili swichi moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Mama aliyesimamia mitambo, mtu mzima asiye na maneno mengi, alimuuliza kama kweli picha hazitapotea.

"Mama, zima swichi yoyote uitakayo! Kazi itaendelea kama kawaida."

Kwa kujaribu tu, alikuwa amechomeka kebo zote kwenye swichi ya kwanza. Taa zikawaka kijani. Kabla hajahamishia kebo moja ya kila seva kwenye swichi ya pili, simu ikalia. Alikuwa mkuu wa chuo.

"Fundi, unakuja au nitafute mwingine?"

Akazitazama kebo, akaitazama saa, akazitazama tena kebo. Aa, atazihamisha akirudi!

"Mama, natoka mara moja."

"Tulikubaliana tujaribu kuzima swichi saa nane."

"Nitakuwa nimesharudi."

Thubutu! Saa nane ilimkuta chuoni, juu ya ngazi, jasho likimtiririka, akichanganya nyaya kwa haraka. Simu ikalia tena.

"Fundi, nimezima swichi ya kwanza kama ulivyosema," yule mama alisema. "Picha zote zimetoweka. Daktari yuko na mgonjwa aliyevunjika nyonga, na haoni kitu."

"Iwashe, mama! Iwashe!"

"Nimeshaiwasha. Njoo."

Chapuchapu aliteremka mbiombio, akaziacha nyaya zikining'inia darini. Mkuu wa chuo alimzuia mlangoni.

"Ukitoka sasa, usirudi."

Alitoka. Angefanyaje?

Alipofika hospitali picha zilikuwa zimerudi na mgonjwa ameshahudumiwa. Yule mama alimpeleka nyuma ya kabati la seva, akamwonyesha swichi ya pili. Ilikuwa inawaka, lakini matundu yake yote yalikuwa matupu.

"Kuzihamisha kungekuchukua muda gani?"

"Muda mfupi tu, mama." Aibu ilimjaa hata akashindwa kuinua macho.

"Mashine zinahitaji njia mbili, mwanangu. Fundi anahitaji moja. Nimeshamwita mwingine."

Jioni mkewe alimpokea akiwa na tabasamu. Kitambaa cha mapazia ya nyumba mpya kilikuwa kimekunjwa vizuri kitandani.

"Enhe, wamekuajiri?"

"Hapana."

"Kwani hukumaliza?"

"Nilikimbilia kazi ya chuo."

"Chuo gani tena? Haya, na huko je?"

Chapuchapu aliinama kuvua viatu. Mkewe alikichukua kile kitambaa, akakirudisha sandukuni, kisha akaenda kumwaga maji yaliyojaa kwenye beseni. Hospitali ilikuwa imemponyoka, chuo kilikuwa kimemfungia mlango, na paa lilikuwa bado linavuja. Hakika, njia mbili zilimshinda fisi.