Kindi na Mtungi Uliofungwa kwa Jani Moja

Habari hii ya Kindi nilisimuliwa kwanza na mama mkubwa Sikudhani, aliyekuwa fundi wa kusuka matenga. Alisimulia huku mikono yake ikisuka, wala hakuacha kazi hadi alipofika mwisho. Nami nawasimulia kama nilivyoisikia. Sogeeni, wanangu.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mashamba yao, na wakwe wa kuwasumbua, aliishi Kindi, mama wa watoto wanne. Alikuwa mdogo, mwenye haya, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala. Mbegu zake za mtama alizitunza ndani ya tenga moja. Tenga hilo ndilo lililokuwa chakula cha watoto wake cha mwaka mzima.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, Kindi aliagiza mtungi wa mafuta ya ufuta kwa Kiboko, mfanyabiashara mkubwa wa kule mtoni.

Kila mtu alijua jinsi mtungi wa mafuta unavyofungwa. Mdomo unazibwa kwa nta, mtungi unakalishwa ndani ya tenga, na nyasi kavu zinashindiliwa pande zote. Lakini Kiboko nyasi zake zote alikuwa amezijaza kwenye godoro lake. Basi mtungi wa Kindi aliuzungushia jani moja la mgomba, akalikaza kwa kamba moja, akamtwisha Punda, mchukuzi wake.

Punda akaja nao, kata-kata, kata-kata, mtungi ukigongana na mifupa ya mgongo wake njia nzima. Akautua mlangoni kwa Kindi.

"Gonga, mama," alisema. "Nina safari nyingine."

Desturi yao ilikuwa hiyo. Mwenye nyumba akiugonga mzigo mara tatu kwa kiganja, basi ameupokea, na maneno yamekwisha. Desturi hiyo iliwekwa na babu yake Kiboko, na hakuna nyumba iliyoipenda kama nyumba ya Kiboko. Kindi alitaka kufungua kwanza, lakini aliona haya kumsimamisha mgeni juani. Akagonga. Pa, pa, pa.

Akauweka mtungi juu ya kichanja. Chini ya kichanja lilikuwapo tenga la mbegu. Kisha akaenda kuchota maji.

Aliporudi, alisikia: to... to... to.

Mtungi ulikuwa na ufa toka juu hadi chini. Mafuta yote yalikuwa yameshukia kwenye tenga, na mbegu zilikuwa zinang'aa kama macho ya samaki. Na mbegu iliyokunywa mafuta, wanangu, haioti.

Kindi alichukua lile jani na ile kamba, akaenda hadi kwa Kiboko. Alimkuta amejinyoosha kwenye godoro lake. Akamweleza yote, polepole, bila kuongeza neno. Kiboko akamuuliza jambo moja tu, kama aliugonga mzigo. Kindi akakubali kwamba aliugonga. Basi, akasema Kiboko, mtungi ni wake na ufa ni wake.

"Na mbegu zangu, bwana?"

"Zikaange," alisema Kiboko. "Mafuta si unayo?"

Waliokuwapo wakacheka. Hata Punda alicheka, ingawa alikuwa anatazama chini.

Kindi hakucheka. "Sitaki kukaanga. Nataka kupanda," alisema, na safari hii walimsikia hata waliokaa mbali. "Nirudishie tenga moja la mbegu na mtungi mmoja wa mafuta. Sidai zaidi, na pungufu sipokei."

Kiboko akageukia ukutani, akaanza kukoroma. Kindi akalikunja lile jani vizuri, akaizungusha ile kamba kidoleni, akarudi navyo nyumbani.

Jirani yake, Mama Kanga, alimshauri aache. Mkubwa hadaiwi, alisema, afadhali apite nyumba kwa nyumba aombe mbegu, kiganja hapa, kiganja pale. Kindi akamshukuru. Akamwambia kwamba kuomba anajua, lakini haombi kitu kilicho chake.

Akaingia porini. Huko alikamata madundu wawili, wale wadudu weusi wanene, wenye kelele nyingi na wasio na mwiba hata mmoja. Akawatia ndani ya kibuyu, akakipaka kibuyu masega ya asali mpaka kikanukia. Kisha akakizungushia lile lile jani moja, akalifunga kwa ile ile kamba moja.

Siku ya gulio ilipofika, Kiboko alikuwa ameketi mbele ya ghala lake, wateja wamemzunguka. Kindi akapita katikati ya miguu yao, akakitua kibuyu mbele yake.

"Nimekuletea mzigo, bwana," alisema. "Gonga."

Kiboko alivuta harufu. Asali. Tumbo lake likanguruma. Akawaambia wateja wamwone huyu mama, alikuja kwa ubishi na sasa amekuja kwa adabu. Akanyoosha kiganja chake kikubwa. Pa, pa, pa.

Vuuuuu! Kibuyu kikajibu.

Kiboko akaondoa mkono kama aliyegusa kaa la moto. Ngozi yake ni nene, mnajua, lakini pua na masikio yake ni laini kama ya mtu mwingine yeyote.

"Nyuki," alisema. "Umeniletea nyuki. Ondoa mzigo wako."

"Si wangu tena. Umegonga."

Vuuuuu! Jani likatikisika. Wateja wakarudi nyuma, na Punda akawa wa kwanza kufika nyuma kabisa.

"Litafunguka hilo!" Kiboko alipiga kelele. "Nani amekufundisha kufunga mzigo hivi? Jani moja? Kamba moja?"

"Wewe, bwana. Jani ni lako, na kamba ni yako."

"Aliyefunga vibaya ndiye mwenye mzigo!" alisema Kiboko, jasho likimtiririka. "Hata ukigongwa mara mia!"

Kindi akasogea hatua moja.

"Sema tena, bwana. Waliosimama nyuma hawakusikia."

Kiboko alitazama kibuyu. Akatazama watu. Kibuyu kikafanya vuuuuu, naye akasema tena, kwa sauti kubwa, neno kwa neno.

Ndipo Kindi akadai haki yake. Kiboko, kwa hofu, akamwambia achukue matenga kumi, mradi akiondoe kibuyu. Kindi akakataa. Tenga moja liliharibika, alisema, na tenga moja litarudi. Hakuja gulioni kutajirika. Akaletewa tenga moja la mbegu kavu, akaahidiwa mbele ya wote mtungi mmoja wa mafuta.

Akakichukua kibuyu, akaifungua kamba. Madundu wawili wakatoka, na mmoja akaenda kutua kwenye sikio la Kiboko.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Kiboko akasema kwa hasira kwamba ametapeliwa, hawakuwamo nyuki, arudishiwe mbegu zake.

"Nani alisema ni nyuki?" aliuliza Mama Kanga. "Wadudu walikuwa madundu, sawa. Lakini maneno yalikuwa yako, na sote tumeyasikia."

Kiboko akalipangusa sikio lake, akaingia ghalani.

Mama mkubwa Sikudhani alikuwa akifika hapo anasema: mkubwa akikufungia vibaya, usikubali kubeba ufa wake.

Asubuhi ya pili yake, Kindi aliamka mapema, akapanda mbegu zake zote kabla ya tone la kwanza la mvua. Alikuwa bado na udongo mikononi Punda alipofika na mtungi mpya, umekaa ndani ya tenga, umezungukwa na nyasi kavu zilizokuwa bado zimelala kwa umbo la mgongo wa Kiboko.

"Gonga, mama," alisema Punda. "Nina safari nyingine."

Kindi akamwomba asubiri. Akazitoa nyasi moja moja. Akauzungusha mtungi, akaugonga kwa kucha kusikiliza mlio wake, akapitisha kidole kwenye nta. Jua likapanda, na Punda akasimama.

Ndipo Kindi akaupiga kwa kiganja. Pa, pa, pa.