Mlango wa Ghala la Sultani Mwinyikombo

Hapo zamani za wazee wa wazee wetu, katika mji wa Mtakani, alikuwako seremala mmoja, jina lake Chande, fukara hohehahe, hana mali ila tezo yake na ulimi mrefu. Ikawa mwaka huo mlango wa ghala la Sultani Mwinyikombo umeliwa na mchwa hata ukaanguka, na ndani mna mtama wa mji mzima, na masika yamebakisha siku tatu kuanza.

Basi Sultani akamwita Chande, akamwambia, "Nataka mlango kabla ya mvua. Mtama ukilowa, wewe utalala gerezani."

"Labeka, bwana wangu. Mbona uani upo mlango wa mninga, kazi ya mafundi wa mji jirani? Nimeupima, unaenea barabara."

Sultani akawaka. Kiburi, jamani, hakina dawa! "Mimi nitumie kazi ya wengine, watu wanicheke? Katika shughuli hii pasitumike kitu chochote kilichotengenezwa na mtu mwingine. Kila kitu kianze upya!"

"Chochote, bwana wangu?"

"Chochote!"

Chande akatoka akijikuna kama mfungwa, maana gereza la Mtakani lilikuwa na kunguni wengi kuliko wafungwa. Alipofika njiani akacheka peke yake.

Siku ya tatu mawingu yakatanda. Sultani akaenda ghalani, akamkuta Chande amechutama akifukia mbegu ya mninga, na watu wa mji wamemzunguka.

"Mlango wangu u wapi?"

"Ndio huu, bwana wangu, naupanda. Mbao za sokoni wamepasua wengine, na tezo yangu aliifua mhunzi, nimeiweka kando."

"Na watu hawa?"

"Nimewaita mimi. Amri yako imetoka katika kiti cha enzi, na kiti hicho alikiweka marehemu babu yako. Nikaona tusiivunje amri. Tuanze upya na usultani wenyewe, watu wachague."

Watu wakatazamana, na wawili watatu wakajikohoza wakinyoosha kanzu zao. Sultani akawaangalia, akayaangalia mawingu. Kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea.

"Umenishinda, Chande! Twende tukaulete ule wa uani."

Akashika upande mmoja kwa mikono yake mwenyewe. Mvua ilipoanza, komeo lilikuwa limekwisha tiwa, na Chande amevaa joho alilotunukiwa na Sultani.

Hekaya yangu naiacha hapa kizingitini. Mwenye la kuongeza aongeze, ila asianze upya.