Mkaa Ambao Haukuoshwa

Wapendwa, wale wa viti vya nyuma sogeeni mbele. Mahubiri ya leo hayaumi, yanafinya tu.

Alikuwako mama mmoja mfinyanzi, kule kwenye vilima, na mama huyo alikuwa na fahari yake. Vyungu vyake ukivigonga vinalia kama kengele. Lakini fahari yake kubwa haikuwa vyungu, ilikuwa chumvi ya majivu. Mnaijua wenyewe: unachoma maganda ya ndizi na ya maharagwe, majivu unayatia kwenye chungu chenye matundu, unamwagia maji, na yale yanayodondoka chini unapikia kunde zikalainika mpaka mzee asiye na meno anaomba nyongeza. Wenye maabara wana jina la kilichomo humo, kaboneti ya potasiamu. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, kwa hiyo msijifanye hamkusikia.

Basi kisima cha kijiji kikaanza kunuka. Maji ya njano, harufu ya yai viza. Kamati ikasema: tusipopata dawa kabla ya mwezi kwisha, tunakifunga, na akina mama watarudi kuchota mtoni, ng'ambo ya vilima viwili. Mama mfinyanzi alikuwa mmoja wa hao akina mama, na goti lake moja lilikuwa limekwisha kustaafu.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi akamfundisha njia ya kuyasafisha maji hayo. Chukua magunzi ya mahindi, yachome yawe mkaa. Saga, loweka katika chumvi ya majivu iliyokolea, kausha, kisha funika ndani ya chungu na urudishe tanurini, moto uwe mkali kuliko ule wa vyungu. Humo ndani chumvi inaula mkaa, inautoboa matundu madogo ambayo jicho haliyaoni, maelfu kwa maelfu. Kijiko kimoja cha mkaa huo, kama ungeweza kuzikunjua kuta za matundu yake yote, ungetandika kiwanja cha mpira. Uchafu ukipita na maji, unanaswa humo.

"Halafu uoshe," mwalimu akamwambia. "Osha kwa maji ya moto, mara nyingi, mpaka utelezi uishe."

Mama akafanya yote, neno kwa neno. Alipofika kwenye kuosha, mama mkwe wake akasimama mlangoni.

"Unataka kumwaga nini?"

"Chumvi, mama. Mwalimu ndivyo alivyosema."

"Mwalimu kaolewa nyumba hii? Hapa chumvi ya majivu haimwagwi. Hata majivu yaliyochoka tunayaongezea maji."

Na ukweli ni kwamba mama mfinyanzi alifurahi kuambiwa hivyo. Chumvi ile alifundishwa na mama yake mzazi, na ndiyo iliyofanya kazi yote. Aimwage kama maji ya vyombo? Akauacha mkaa na chumvi yake, akajaza mtungi wa kuchujia.

Siku ya kujaribu watu walijaa. Maji ya kisima yakamiminwa juu ya mtungi, yakatoka chini meupe kabisa. Mwenyekiti wa kamati akanywa funda moja. Akajilamba midomo kama mbuzi aliyekula karatasi.

"Harufu hakuna," akasema, "nakubali. Lakini mama, ulimi wangu unawaka. Haya ni maji, au ni mchuzi wa kunde uliokimbiwa na kunde?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama akasimama wima.

"Mwenyekiti, kwa heshima. Wajua mkaa huu umepitia nini? Umechomwa mara mbili. Umeliwa na chumvi mpaka ndani. Huo wako wa kuchomea nyama ungevumilia?"

"Pole zake mkaa," mwenyekiti akajibu. "Ila mimi nilikuja na kiu."

Niwaulize, alimtukana? Hakumtukana. Ndiyo maana iliuma.

Mama akabeba mtungi wake, akaenda nyumbani, akachemsha maji, akaosha. Mara ya kwanza yalitoka yakiteleza kama ya sabuni. Mara ya tano, bado. Mama mkwe ameketi kigodani anaguna kila yanapomwagwa. Mara ya tisa mama akayaonja mwenyewe: yalikuwa maji. Na sikilizeni jambo hili, wapendwa. Hakuna tundu hata moja lililotoka na yale maji. Yalibaki yote. Tena mengi yalikuwa yamezibwa na chumvi ile ile iliyoyatoboa, na sasa ndipo yakafunguka.

Mwenyekiti alipojaribu mara ya pili alimaliza kikombe kizima. Alinyoosha mkono aongezewe. Kisima hakikufungwa, na mama yule akapita katikati ya watu na goti lake bovu kama biarusi anayeingia ukumbini. Na ilikuwa haki yake.

Mmemcheka mwenyekiti. Vizuri. Sasa zamu yenu.

Sisi wa kanisa hili tumepita motoni, nami nawaonea fahari, sifichi. Wamo humu wajane waliolea watoto sita kwa jembe moja. Wamo waliolala hospitali mwaka mzima, leo wanaimba sauti ya pili na wanaipatia. Mtu akifiwa mtaani anawatafuta ninyi, hamtafuti aliyelala usingizi mnono maisha yake yote. Kwa nini? Kwa sababu mna nafasi ndani ya kupokea machozi ya mwenzenu. Jivunieni hilo.

Lakini je, tumeoshwa? Mkamwana anauliza mwiko uko wapi, anasomewa miaka yote ya jembe. Mwimbaji mgeni anakosea mstari mmoja, anaambiwa sisi tulifundishwa kwa kiboko. Na mimi mchungaji wenu, niliyehubiri miaka saba chini ya turubai linalovuja, waulizeni mashemasi ni kikao gani walitoka bila kuonjeshwa turubai. Wameitikia haraka mno. Nimewaona.

Tunadhani ule ukali ndio nguvu yetu, kwa hiyo tunautunza, na anayeungua ulimi ni mtu ambaye hata hakutukosea. Mungu aliyekutoboa hakukusudia kukuziba tena. Mruhusu akuoshe, hata mara tisa, hata nyumba nzima ikiguna.

Wiki hii kuna mtu atabisha hodi kwako. Mpe maji. Habari za moto uliopitia, msimulie siku atakayokuuliza.