Kindi, Faru na Kuku Watakatifu wa Roma

Paukwa!
Pakawa!
Nafungua mlango, mpo?
Fungua, tumejaa kizingitini!
Niseme tamu au niseme kweli?
Sema yoyote, bora usinyamaze!

Sawa, sinyamazi.

Hapo kale, wanyama walipoitawala Roma na kuvaa mashuka meupe kuliko nia zao, palikuwa na Nyumba ya Moto. Humo waliishi makuhani wa kike, Kindi na mdogo wake wa kiapo, Digidigi. Kazi yao moja tu: moto usizimike. Moto ukiwaka, Roma haina mfalme, kila mnyama ana sauti barazani. Moto ukizimika, kuhani wa zamu huzikwa angali hai. Na dume aliyesinzia akilinda lango la mji? Eti hukatwa posho! Haya, tuendelee kabla sijapandwa na mori.

Barazani alikuwemo Seneta Faru, shingo gunia, tumbo ghala. Akiona shamba, "Langu!" Akiona mto, "Wangu!" Siku moja akaitazama Roma nzima, mate yakamdondoka.

"Yangu!"

Asubuhi moja Digidigi alikuwa zamu, Kindi kaenda kuteka maji. Faru akaingia, gudu! gudu! gudu! Akaukanyaga moto, puu! Moshi, fuuu! Kisha huyo nje, anapiga yowe:

"Roma! Digidigi kalala, moto umezimika! Nchi iko hatarini! Nipeni taji niwaokoe!"

"Mwongo!" Digidigi akalia. "Kaukanyaga mwenyewe! Tazameni kwato zake, bado zinatoka moshi!"

Baraza likamtazama Digidigi. Likaitazama pembe ya Faru. Likaamua kuiamini pembe.

"Lakini kwanza," wakasema, "kesho mchana tuwaulize kuku."

Msicheke! Ndivyo mambo yalivyoamuliwa Roma. Neno zito likija, Kuku Watakatifu hutolewa bandani wakawekewa chakula. Wakila, miungu imekubali. Wakikataa, imekataa. Sasa kuku wakila kesho, Faru anavikwa taji na Digidigi anashushwa shimoni.

Kindi akarudi na mtungi, akasikia habari, akautupa mtungi, mbio hadi bandani.

"Bi Tembe, mama yangu, nakuomba, kesho msile."

Bi Tembe, mkubwa wa kuku, akatoa kichwa. Macho yamemtumbukia.

"Mwanangu, Faru kaamuru tusipewe hata punje. Mwenye njaa hana miiko. Kesho ukiniwekea kiatu, nitakidonoa kiatu. Kwekwekwe!"

Kindi akarudi nyumbani, mkia umesimama kwa hasira. Digidigi alikuwa amejikunyata karibu na meko baridi.

"Dada, nimekwisha."

"Hujaisha. Niambie, anayetaka taji hufanya nini kabla kuku hawajala?"

"Hufunga. Haruhusiwi kutia kitu kinywani."

"Faru afunge? Faru yule?" Kindi akaanza kucheka. "Na chakula cha kuku anapika nani?"

"Sisi makuhani."

"Basi futa machozi, nipe mchi."

Kulipokucha, Kindi akatwanga ngano, twa! twa! twa! Akakanda vibumunda kwa asali. Akavigaragaza kwenye ufuta. Akavikaanga kwa samli kwenye jiko la uani, chwaaa! Harufu ikaruka ukuta, ikapanda ngazi za baraza, ikamshika Faru puani kama mtu anayeongozwa kwa kamba.

Mchana Roma yote ikajaa uwanjani. Mwaguzi Korongo, msoma ishara za miungu, akasimama kwa mguu mmoja akatangaza:

"Sinia hili ni la Kuku Watakatifu! Asiye kuku akila humu, ni mwizi wa miungu, atatupwa kutoka jabalini! Aliye kuku hachinjwi, wala hahami bandani mpaka afe!"

"Ndivyooo!" Roma ikaitikia. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Faru, akingoja taji nyuma ya pazia la jukwaa, tumbo likimnguruma.

Kindi akapita na sinia nyuma ya pazia.

"Mheshimiwa, nishikie kidogo, shela yangu imelegea."

"Harakisha, kijidudu we!"

Kindi akageuka, akaifunga shela. Haikukaa vizuri. Akaifungua. Akaifunga tena.

Faru akanusa, fwooo. *Kimoja tu. Kuku watajuaje?* Nyam! *Na hiki, kwa kuwa kimevunjika.* Nyam! *Na hiki, kwa kuwa kiko peke yake.* Nyam! Nyam! Nyam! Akalamba na sinia.

Pazia likafunguliwa. Kuku wakalikimbilia sinia, wakadonoa: ko! ko! ko! Shaba tupu.

"Nani amekula?" Korongo akauliza.

"Upepo," akasema Faru, ufuta umemjaa pembe nzima.

Kindi akaruka juu ya jukwaa.

"Mwaguzi, ruhusa niseme! Seneta amekula. Asiye kuku akila, anatupwa jabalini. Mheshimiwa, swali moja, jibu fupi: wewe ni kuku, au si kuku?"

Faru akalitazama jabali. Refu! Akalitazama banda. Dogo!

"Jibu! Jibu!" Roma ikapiga makofi.

"Mimi..." Faru akalitazama tena jabali. "Mimi ni kuku."

"Hatusikii!"

"Kwe... kwe... kwe!"

"Taga basi!" mtu akapayuka kutoka nyuma.

"Na kesi ya Digidigi," Kindi akaendelea, "shahidi ni nani?"

"Ni... huyu kuku," Korongo akajibu.

"Sheria ya Roma inapokea ushahidi wa kuku?"

"Haijapata kupokea."

"Basi mdogo wangu anarudi nyumbani."

Wakamsukuma Faru bandani, gudu! gudu! hadi mlango ukapasuka. "Jisogeze, mwenzetu," Bi Tembe akamwambia, "umenikalia bawa." Digidigi naye akarudi, akapekecha vijiti, akapuliza, fuu! Moto ukawaka.

Ngano nimeitua hapo, mwenye kichwa ajitwike.

Na inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba siasa si kazi ya wanawake. Enyi wasichana, msijiingize, hamziwezi. Kaeni jikoni. Twangeni, kandeni, kaangeni kwa samli. Nanyi waheshimiwa, harufu ikiwafikia, msiwe na wasiwasi wowote. Kuleni.